Siku Niliyoliosha Tunda la Bibi Agnesi

Jamani, yule mtu ni mimi. Yule mliyemsikia, aliyesimama katikati ya posa ya watu pale Muheza, wageni wamevaa makoti yao, wazee wameegemea fimbo, akapiga kelele "Msinywe!" kana kwamba nyumba inaungua. Nimeshausikia mkasa huu ukisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo (wengine wanasema nilikuwa nimelewa, jambo ambalo ni uongo, heri ningekuwa nimelewa), kwa hiyo bora niusimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimechoka kuikuta midomoni mwa wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Naitwa Elibariki, ni fundi sanifu wa maabara kwenye sekondari moja huku Raskazone, yaani ndimi ninayeosha chupa, ninayepima asidi na kuwafokea wanafunzi wasiguse kitu. Inachekesha kidogo, kwa sababu mgusaji wa vitu ni mimi. Mikono yangu haitulii. Nikikaa kwenye kiti chako nitabandua rangi, nikishika simu yako nitatoa kava nirudishe, na maharage yakiwa jikoni nafunua sufuria mara ishirini mpaka mvuke wote unaisha na maharage yanabaki magumu, halafu nawalaumu waliouza maharage.

Sasa, tuna kundi letu kwenye simu, watu tisa tunaojipikia pombe majumbani, si za kuuza, ni za kunywa wenyewe na kujisifia. Kila Jumamosi alasiri lazima mmoja aandike, "Leo unakunywa nini?" na hapo picha zinaanza kumiminika. Kuna jamaa wa Mkwaja, yeye ni mnazi tu, mwaka mzima mnazi, na kila wiki anaueleza kama vile hatujawahi kuusikia. Kuna Mama Joy wa hapa mjini, tangawizi na rosela, nyekundu inayopendeza machoni na inayokwaruza koo. Kuna rafiki yangu Castory, fundi wa mitambo huko Muheza, anayetengeneza mvinyo wa machungwa kwenye ndoo iliyowahi kukaa rangi ya nyumba, na anaandika maneno mawili tu: "Machungwa. Kali." Halafu mimi. Mimi naandika ripoti. Joto asubuhi, joto mchana, kipimo cha sukari kabla na baada, na mwishoni kila mara nawakumbusha wenzangu usafi wa vyombo, kwa sababu nimeangalia video nyingi za watu wa nje wanaopika bia na wote wanasema usafi ndio kila kitu. (Castory aliwahi kunijibu, "Mwalimu, kwani tunakunywa au tunafanyiwa upasuaji?")

Mkubwa wetu katika kundi hilo, na ambaye hata simu hana, anasomewa na mjukuu wake Neema, ni Bibi Agnesi wa Muheza. Bibi anapika boha, ile pombe ya miwa ya kwetu milimani, na boha yake ukiinywa unanyamaza. Siri yake ilikuwa tunda. Tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia, linapasuliwa, linakaushwa, linatiwa kwenye maji ya miwa na ndilo linaloyachachua. Likimaliza kazi linaanikwa juani, linatundikwa juu ya jiko, linasubiri pombe nyingine. Kadiri linavyozeeka ndivyo linavyozidi kuwa hodari. La Bibi Agnesi mama yake mzazi alilishusha kutoka milimani, na Bibi akalitumia miaka yote aliyofanya kazi shamba la mkonge na miaka yote baada ya hapo, likawa jeusi, jepesi, linanuka moshi na asali.

Nililitaka lile tunda. Nasema wazi. Neema ni mlokole, hagusi pombe, na Bibi alishatamka mbele yetu sote kwamba siku akimpata mtu mwenye mkono mtulivu atamwachia. Mimi nikajiambia mtu huyo ni nani kama si mtaalamu?

Basi Bibi akateleza bafuni akateguka mkono, na wakati huohuo wageni wakatuma ujumbe kutoka Soni kwamba wanakuja Jumamosi kumposa Neema. Posa bila boha kwa watu wale haiwi posa, neno halijafungwa mpaka kata ya pombe imezunguka. Bibi hawezi kukamua wala kubeba. Nikajitolea kabla hata hajamaliza kueleza, nikaenda Muheza Jumatano, nikapiga shikamoo, akanipa tunda limefungwa kwenye kitambaa cha kanga, halafu akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Usilioshe," akasema. "Lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Litie kwenye maji ya miwa Ijumaa asubuhi, funika, usifunue mpaka kesho yake. Umenisikia, Eli?"

"Nimekusikia, Bibi."

"Usilioshe."

"Sitaliosha."

Nikafika kwangu Mikanjuni, nikaliweka mezani, nikalitazama. Nilikaa dakika ngapi, tano? Nikasimama, nikakaa, nikalifungua nione ndani. Akatoka mdudu. Mdudu mmoja, mdogo, mweusi, akatembea mezani polepole kama mwenye nyumba. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwa mdudu mmoja, maana mtu mwenye akili angempuliza akaenda zake, lakini mimi nikafikiria wageni, nikafikiria zile video, nikafikiria nitaandika nini kwenye ripoti, na mikono ikawa imeshafika kwenye ndoo. Nikasema nitalisuuza kwa maji tu. Nikalisuuza, maji yakatoka meusi. Meusi kabisa! Nikasema hapana, hii si hali, nitatia dawa kidogo, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kifuniko kimoja. Nikatia kifuniko kimoja. Nikatia cha pili. Alhamisi asubuhi kabla ya kwenda kazini nikaona bado maji yana rangi, nikamimina bila kupima (mimi, mtu wa kupima!), nikaenda zangu shuleni, na siku nzima pale maabara sikutulia, nilikuwa nachungulia saa kila baada ya kipindi.

Niliporudi alasiri tunda lilikuwa jeupe. Si kijivu, si kahawia ya kupauka, jeupe kama shati la ubatizo. Nikalisuuza mara kumi na mbili. Nikalinusa. Moshi hakuna, asali hakuna.

Ningempigia simu Neema wakati ule ningekuwa nimeharibu kitu kimoja tu. Badala yake nikaandika kwenye kundi: "Tunda liko tayari. Kesho linaingia kazini." Wakanitumia vidole gumba na makofi, Mama Joy akaandika, "Bibi kapata mrithi." Nikajisikia vizuri kwa muda wa kama nusu dakika.

Ijumaa asubuhi nikanunua maji ya miwa kwa yule mwenye mashine ya kukamulia, nikayamimina kwenye pipa, nikatia tunda, nikafunika. Nikafunua. Nikafunika. Nikaomba ruhusa kazini kwamba tumbo linaniuma, nikakaa kando ya lile pipa nikiweka sikio. Boha inayoamka huwa inasema, inanong'ona taratibu. Hii ilikuwa kimya. Saa nne kimya, saa sita kimya, saa nane nikaenda kubisha kwa mama mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaidi, ambaye anapika maandazi na hakosi hamira.

"Wataka hamira ya nini, Eli?" akaniuliza. Sasa Bi Mwanaidi ni mtu wa swala tano, anajua ninachopika na haupendi huo upishi, ila hunivumilia madhali sifanyi fujo. Kumwambia kwamba naomba hamira yake nikatilie pombe, sikuweza.

"Nataka kuoka mkate, Bi Mwanaidi."

"Mashaallah! Umeacha mambo yako yale? Haya chukua, chukua yote, na huo mkate nami nitauonja."

Kwa hiyo sasa nina tunda lililokufa, nina pombe isiyochacha, na nina deni la mkate. Nikatia hamira yote. Ilipoanza kutoa povu nikaona inanuka maandazi, nikatia ndimu ipate uchachu, ikawa chachu mno, nikatia sukari, ikazidi kupanda, nikaipunguza, nikaongeza maji ya miwa, na katikati ya hayo yote nikakimbia dukani kununua mkate, nikauchana mfuko, nikauweka kwenye sahani na kuufunika kitambaa, nikampelekea Bi Mwanaidi. Akaushika, akautazama chini, akanitazama mimi. "Tanuri lako lakata vipande sawasawa hivi?" Nikasema nina haraka, nikaondoka.

Jumamosi Castory akanifuata na pikapu ya kazini kwake tupeleke mzigo. Tulipopakia chungu na madumu akainama, akanusa, akakunja uso.

"Eli, mbona inanuka shuka za gesti?"

"Ni dumu. Nililiosha."

"Umeliosha dumu tu?"

Nikawasha redio. Njia nzima nilikuwa nafungua dirisha na kulifunga, nafungua na kulifunga, mpaka Castory akasema akiona mkono wangu tena pale kwenye kitasa ataukata.

Kwa Bibi palikuwa pamependeza jamani, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Uwanja umefagiliwa, mikeka imetandikwa, viti vya kuazima kanisani, Neema yuko ndani na mashangazi zake amevaa gauni la samawati. Wageni walikuwa kumi na wawili, mbele yao Mzee Yoeli, babu yake bwana harusi mtarajiwa, mzee mwembamba mpole, na wakati nampigia shikamoo nilimsikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwingine kwamba mzee kajikaza tu kuja, ametoka hospitali juzi kwa vidonda vya tumbo.

Tukamimina boha chunguni, tunda nikalitumbukiza chini haraka kabla halijaonwa. Bibi akasimama na mkono wake umefungwa shingoni kwa kanga, akanishika bega. "Wageni wetu," akasema, "mwaka huu mkono wangu umekataa. Hii imepikwa na mjukuu wangu huyu. Hajazaliwa tumboni mwa binti yangu, lakini tunda la mama yangu limelala nyumbani kwake." Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nilitamani ardhi, si ipasuke, inisogeze kidogo tu nyuma ya banda la kuku.

Na desturi mnaijua, mpikaji ndiye anayeonja kwanza mbele ya wote. Nikachota kata, nikanywa. Mwanzo ilikuwa tamu, halafu ndimu, halafu maandazi, halafu kule nyuma kabisa ya ulimi kikaja kile kitu, ile harufu ya Jumatatu asubuhi maabara wakati nimemaliza kudeki.

"Inasemaje?" akauliza Bibi.

"Njema," nikasema. "Njema sana."

Kata ikapelekwa kwa Mzee Yoeli. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaanza kuomba, akashukuru kwa safari, akashukuru kwa afya yake, (kwa afya yake!), akawataja watoto, na mimi pale nilikuwa nakokotoa kichwani, vifuniko vingapi, lita ngapi, nililisuuza mara kumi na mbili au kumi, na lile tunda ni kama sifongo, limenyonya siku nzima, na tumbo la mzee lina vidonda. Akasema amina. Akainua kata.

"Msinywe!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kuku walikimbia. Mzee Yoeli akabaki na kata mdomoni, haijainama, akanitazama juu ya ukingo wake. Na katika ule ukimya, ambao mtu mwingine yeyote angeutumia kueleza jambo taratibu, mimi nikasema:

"Si sumu!"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja sumu. Hakuna aliyeiwaza. Sasa wakaiwaza wote kwa pamoja. Viti vikaanguka, baba mdogo wa kijana akasimama akauliza kwa ukali, "Mmetuwekea nini humo? Kama hamtaki kutupa binti si mngesema?" Mashangazi wakatoka ndani, mmoja akaanza kulia bila kujua kilichotokea, Castory akanivuta shati akasema, "Kaa chini, Eli, kaa, utatuua," na mimi nikawa nazunguka katikati ya mikeka na viatu vyangu nikirudia, "Ni dawa tu, ni dawa kidogo tu," maneno ambayo, nikiyasikia sasa kichwani, yalikuwa mabaya kuliko yale ya kwanza.

Bibi ndiye aliyetuliza. Hakupaza sauti. Alisema, "Litoe."

Nikaingiza mkono chunguni mpaka kwenye kiwiko, nikalitoa. Lilidondosha maji meupe ya hamira. Wale wageni ni watu wa milimani, wote wamekulia kwenye nyumba zenye tunda juu ya jiko, na nilisikia kabisa jinsi walivyovuta pumzi, mmoja baada ya mwingine. Bibi akalichukua kwa mkono wake mzima. Akaligeuza. Akalinusa muda mrefu.

"Umeliosha," akasema.

"Nimeliosha, Bibi. Kulikuwa na mdudu."

"Mama yangu alishuka nalo mlimani amelifunga kiunoni, mimi nikiwa mgongoni mwake. Wewe umelitia dawa ya choo."

Na hapa, Mungu anisamehe, ile elimu yangu ikanipanda kichwani, nikamsahihisha.

"Ya nguo, Bibi."

Castory aliondoka kabisa akaenda kusimama nyuma ya pikapu. Aliniambia baadaye alikuwa analia, sijui kwa kicheko au kwa nini, sikumwuliza.

Mzee Yoeli akaweka kata chini taratibu. Akasema wao hawana ugomvi, wamekuja kuomba mke na bado wanamtaka, na kwamba kijana aliyepiga kelele kapiga kelele nzuri. Castory akarudi na chupa zake za mvinyo wa machungwa kutaka kuokoa jahazi, wakamshukuru, wakamwambia neno halifungwi kwa machungwa. Wakanywa chai. Wakakubaliana warudi baada ya wiki mbili, na shangazi mmoja wa upande wa kijana akasema kwa upole kwamba watatanguliza kipande cha tunda la kwao. Upande wa bibi harusi ukapewa tunda na upande wa bwana harusi! Bibi aliitikia kwa kichwa tu. Sijawahi kuona mtu akiinamisha kichwa vile, na aliyemwinamisha ni mimi.

Nilikwenda jikoni kuomba radhi kwa Neema. Alikuwa anaosha vikombe na lile gauni lake la samawati.

"Kaka Eli," akasema bila kugeuka, "ungenyamaza wangekunywa."

"Wangeumwa."

"Najua. Ndiyo maana sijakupiga."

Wiki mbili zile sikuandika chochote kwenye kundi. Wao waliandika. Jamaa wa Mkwaja alituma picha ya mnazi akasema umeoshwa na kupigwa pasi. Mama Joy aliniuliza kwa siri kama niko salama. Bi Mwanaidi, ambaye habari zilimfikia kwa njia anazozijua mwenyewe, aliacha kuniitikia kwa siku nne, halafu siku ya tano akaniambia ile hamira nisingedanganya angeninyima, na hilo tu ndilo angelifanya, angeninyima, na saa hizi kila mtu angekuwa salama.

Nilialikwa kwenye posa ya pili. Nilidhani nimesamehewa. Nilipofika Bibi alinionyesha kigoda kando ya chungu, mahali ambapo kila mgeni ananiona, akaniambia niweke mikono juu ya magoti na isitoke hapo. "Ili wajue iko wapi," akasema. Nikakaa hivyo saa mbili. Vidole viliwasha, nzi alitua puani nikamwacha. Chungu kilikuwa kinanong'ona hapo pembeni yangu, kifuniko kimekaa upande kidogo, kimepinda, kimekaa vibaya kabisa, na sikukinyoosha. Bibi alikuwa amepika mwenyewe kwa kile kipande cha wageni, mkono umepona, akaonja kwanza, kata ikaenda kwa Mzee Yoeli. Akaiinua. Akasimama. Akanigeukia mimi.

"Ninywe?"

Uwanja mzima ulicheka, hata Neema kule mlangoni, na mimi nikaitikia kwa kichwa maana mikono ilikuwa na amri yake. Akanywa. Neno likafungwa.

Watu walipotawanyika nikamwendea Bibi, nikamwuliza boha imekuwaje. Akafikiri.

"Njema," akasema. "Ila si ya mama."

Halafu akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa cha kanga, kimefungwa vilevile kama Jumatano ile. Akaniwekea mkononi. Nilijua ni nini kabla sijafungua, lilikuwa jepesi, halinuki kitu.

"Chukua," akasema Bibi. "Si ulilitaka?"

Hakusema kwa hasira, ingekuwa nafuu. Nililia ndani ya pikapu mpaka tukaipita stendi, na Castory akajifanya anatafuta kitu kwenye redio. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, sioshi kitu cha mtu. Hata nikialikwa chakula, nikimaliza, nakaa na sahani yangu chafu mapajani kama mtoto mpaka mwenye nyumba aje aichukue, na wakidhani sina adabu, wadhani tu.